Chai ya viungo kwenye mita 1,800

Pakiti nyingi za majani ya chai yenye viungo hubeba maelekezo yanayofanana: kijiko kimoja cha chai, mimina maji yaliyochemka, subiri dakika tatu hadi tano, chuja. Aliyeandika hivyo hakuwa na Sumbawanga akilini. Mji huu uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka karibu nyuzi moja ya Selsiasi kwa kila mita 300 unazopanda. Birika la Sumbawanga basi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kwenye milima ya Mbizi, ambayo sehemu zake za juu hupita mita 2,400, maji hutokota yakiwa na nyuzi 92. Ukiteremka bondeni Muze upande wa Ziwa Rukwa, au Kasanga kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, yanapanda hadi 97. Kwa hiyo neno "maji yaliyochemka" lina maana tatu ndani ya mkoa mmoja. Hoja yangu ni kwamba anayeonja na kutoa hukumu juu ya chai ya viungo akiwa nyumbani kwake kwenye uwanda wa Ufipa aachane na maelekezo ya pakiti, aanze na sufuria yenye mfuniko au chupa ya chai. Asipofanya hivyo, ataitoza chai makosa ya mwinuko.

Kabla ya kuonja inafaa kujua kilichomo. Ufipa hakuna mashamba makubwa ya chai; majani yanayoingia sokoni hutoka kwa jirani, Rungwe, Njombe na Mufindi, yakipita Tunduma. Sehemu kubwa ya chai ya Tanzania husindikwa kwa njia ya CTC, ile ya kuponda, kuchana na kukunja jani kwa roli zenye meno. Mashine hiyo ilibuniwa Assam mwaka 1930 na William McKercher, na matokeo yake ni zile punje ndogo nyeusi ambazo kila jiko la nchi hii linazifahamu. Punje hizo hutoa rangi na ukali haraka kwa sababu jani limeshapasuliwa kila upande. Chai ya othodoksi, yenye jani lililoviringishwa likabaki refu, hutoa polepole na hudai joto zaidi. Kisha kuna namna kiungo kilivyoingizwa. Vipande vya tangawizi kavu, mdalasini, iliki au mchaichai vinaweza kuchanganywa tu na majani. Mafuta au kiini cha ladha kinaweza kunyunyiziwa juu ya majani yakizungushwa kwenye pipa. Ndivyo chai ya Earl Grey inavyopata harufu ya bergamoti, tunda la jamii ya machungwa. Au majani hulazwa pamoja na maua mabichi ya asumini mpaka yanywe harufu yake. Vipande, mafuta na harufu ya kuazima havina tabia moja ndani ya maji, na hapa ndipo mwinuko unapoanza kupendelea baadhi ya chai na kuzionea nyingine.

Waonjaji wa kazi wana kipimo chao. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa mwaka 1980 kiwango ISO 3103, kinachoeleza namna ya kutengeneza chai kwa ajili ya kuonja: gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, ndani ya kibirika cheupe cha kauri chenye kifuniko, kwa dakika sita. Kinakubali hata maziwa, mililita 5 kwenye bakuli kubwa, yatangulie kabla ya chai. Watu wengine wamekicheka kiwango hiki, na kitangulizi chake cha Uingereza kilipewa tuzo ya mzaha ya Ig Nobel mwaka 1999. Mimi naona kina akili. Hakidai kwamba hiyo ndiyo chai tamu. Kinadai tu kwamba vikombe viwili vikitengenezwa sawa, tofauti unayoionja imetoka kwenye majani. Kwa mtu wa nyumbani somo lake kubwa ni mizani. Kijiko cha punje za CTC kina uzito kuliko kijiko kilekile cha majani marefu yenye maganda ya machungwa, kwa hiyo anayepima kwa kijiko anaweza kuisifu chai moja kwa "kukolea" kumbe ameiwekea nyingi. Pengo la kiwango hicho, kwa msomaji wa Sumbawanga, liko kwenye joto: uzito, ujazo na dakika vimetajwa kwa tarakimu, lakini kuchemka kumeachiwa mahali ulipo.

Kuna atakayesema nyuzi sita ni kitu kidogo, zisizoweza kuonekana ulimini. Ajibu mpishi wa maharage. Maharage yale yale yanayoiva kwa wakati wake bondeni huchelewa yakipikwa mjini Sumbawanga, na sababu ni hizo hizo nyuzi chache, kwa kuwa maji yanayotokota hayazidi joto lake hata ukiongeza kuni. Majani ya chai nayo ni mmea unaosubiri maji yaingie na kutoa kilichomo. Tena hizo nyuzi sita ni mwanzo tu. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Ufipa inapokuwa kali, birika la kauri lililolala kabatini limepoa kama jiwe la mtoni. Ukimimina ndani yake maji ya nyuzi 94 bila kulipasha kwanza, yanaweza kupoteza nyuzi 10 na zaidi papo hapo, na majani yanaanza kazi yakiwa kwenye joto la themanini na kitu. Asiyeamini atengeneze vikombe viwili vya chai ileile, uzito uleule, dakika zilezile: kimoja kwenye birika baridi lililo wazi, kingine kwenye birika lililosuuzwa kwa maji ya moto na kufunikwa kwa kitambaa kizito. Mtu mwingine avipange mezani, alama ikiwa imeandikwa chini ya kitako. CTC itaonyesha tofauti ndogo. Chai ya jani refu itaonekana kama chai mbili zisizo na undugu: moja ina rangi ya kutu na ukakasi unaoshika pande za ulimi, nyingine ina maji ya njano na harufu ya kiungo inayoelea juu bila chochote chini yake. Mwonjaji wa haraka ataandika juu ya hiyo ya pili kwamba "kiungo kimezidi". Kiungo hakijazidi, jani ndilo halijatoka.

Kwa hiyo sufuria. Waandishi wengi wa chai wanaidharau, wakisema kuchemsha majani ni kuyaua, na hoja yao ina uzito ambao lazima ujibiwe. Kiungo chenye harufu hubebwa na mafuta mepesi, na mvuke huyachukua. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Pemba, kinaishi kwa kanuni hiyo: mvuke hupitishwa kwenye makonyo ya karafuu, huondoka na mafuta, kisha hupozwa ili mafuta yakusanywe. Sufuria ya chai iliyo wazi inayotokota kwa fujo ni kiwanda kama hicho, ila hakuna anayekusanya. Jiko zima linanukia iliki na kikombe hakina kitu. Lakini kosa hapo ni la uwazi na fujo. Joto halina hatia. Njia inayofaa uwandani ni hii: maji yachemke kwanza, majani yaliyopimwa yaingie, mfuniko ushike, kisha sufuria ivutwe ukingoni mwa jiko la mkaa mahali ambapo inabaki ya moto bila kuunguruma. Ikae hapo dakika sita. Joto halishuki kama kwenye kauri baridi, na matone ya mvuke yanayorudi kutoka kwenye mfuniko yanarudisha sehemu ya harufu. Tangawizi inavumilia zaidi ya hapo, kwa kuwa ule ukali wake unaochoma koo haupai na mvuke. Kinachopaa ni harufu yake. Mdalasini wa vipande vinene hata hudai muda. Mchaichai na bergamoti ndizo zinazodhurika, na hizo nisingezipeleka sufuriani kabisa.

Zinafaa chupa ya chai, chombo ambacho nyumba nyingi za Sumbawanga zinacho na wapimaji hawakitaji. Ukiisuuza kwa maji yanayochemka, ukaimwaga, ukaweka majani, ukajaza na kufunga, umepata kibirika kisichopoa na kisichotoa mvuke. Kwa chai iliyonyunyiziwa mafuta, sijui njia ya nyumbani inayoitendea haki zaidi kwenye mwinuko huu. Ina masharti mawili. Chai ichujwe muda ukifika, kwa maana ikiachwa humo mpaka mchana tanini itaendelea kutoka na kilichokuwa cha kupendeza kitageuka uchungu mtupu. Na kizibo kinuswe kwanza: kizibo cha plastiki kilichoishi na chai ya tangawizi kwa miaka kinaipaka tangawizi kila chai inayofuata, na mwonjaji ataisifu chai ya machungwa kwa "ladha ya mbali ya viungo" ambayo mtengenezaji hakuiweka.

Pingamizi gumu zaidi ni jingine. Viwanda vya Mufindi navyo viko nyanda za juu, karibu mita 1,900, na vya Kericho nchini Kenya hupita 2,000. Waonjaji wake hutumia maji ya nyuzi 93 kila siku, na chai yao inauzwa mnada wa Mombasa bila mtu kulalamika. Kama wao wanaweza, kwa nini mtu wa Sumbawanga ajisumbue? Jibu ni kwamba kazi ni tofauti. Mwonjaji wa kiwanda analinganisha chai ya leo na ya jana, katika chumba kilekile, kwa maji yaleyale, akitafuta kasoro ya uchachuaji au ya ukaushaji, na anachoonja ni CTC isiyo na kiungo, yaani aina isiyotishwa sana na upungufu wa joto. Akikosa nyuzi saba, anazikosa kwa vikombe vyote. Anayeonja chai ya viungo nyumbani anaweka mezani CTC ya tangawizi, jani refu lenye bergamoti na pengine mchanganyiko wa mchaichai usio na jani la chai hata moja, kisha anazipa alama kwenye kipimo kimoja. Mwinuko hauzigusi sawa, kwa hiyo hauwezi kufutika wenyewe katika ulinganisho. Tena huyu anaandikia watu wa Dar es Salaam na Tanga, ambao maji yao yana joto jingine.

Maziwa na sukari je? Wapo wanaoona ni upuuzi kuonja chai ya rangi tupu wakati wanywaji wengi wataiwekea maziwa, na hilo sina ugomvi nalo, mradi maziwa yaje baadaye. Protini ya maziwa hushikana na tanini, ndiyo maana ukakasi hupungua, na mafuta yake hushikilia harufu za machungwa na maua zisipande puani. Chai dhaifu iliyofichwa na maziwa inaweza kuonekana laini. Chai nzuri ya bergamoti inaweza kuonekana bubu. Alama mbili zinahitajika, moja ya rangi, moja ya maziwa, na zisijumlishwe. Maziwa yenyewe yaangaliwe: yaliyochemshwa wazi kwenye kuni yana moshi, na moshi ni kiungo. Michanganyiko yenye rosela isihukumiwe kwa maziwa kabisa, kwa kuwa asidi yake huyakata.

Kuna vipimo viwili vya ziada visivyogharimu kitu. Cha kwanza ni kuacha kikombe kipoe na kukionja tena. Joto huficha mengi. Chai iliyopoa inaonyesha kama chini ya harufu palikuwa na jani au vumbi la zamani lililovikwa manukato. Cha pili ni kurudia maji juu ya majani yaleyale. Chai iliyonyunyiziwa mafuta mara nyingi hutoa harufu yake yote mara ya kwanza, ya pili ikabaki utupu. Yenye vipande halisi vya mdalasini au tangawizi huendelea. Haimaanishi kwamba iliyonyunyiziwa ni mbovu, lakini bei zao zisifanane.

Kisha duka. Chai hunyonya harufu ya jirani yake, na rafu ya duka la rejareja mjini Sumbawanga inaweza kuwa na sabuni ya mche upande mmoja na dagaa wa Ziwa Tanganyika upande mwingine. Pakiti ya karatasi iliyokaa hapo tangu masika haina tena ladha ya kiwandani, na kuishutumu kampuni kwa hilo ni kuionea. Ninunuapo kwa ajili ya kupima ningechagua iliyofungwa kwa bati au karatasi ya fedha ndani, na ningenusa majani makavu kabla maji hayajachemka.

Kwa matokeo ya njia hii, chai za CTC zenye vipande vya tangawizi zitapanda juu uwandani, na nadhani ni haki zipande; zimeumbwa kwa maji kama hayo na kwa asubuhi kama hizo. Jani refu lenye mafuta litapata alama ya wastani hata kwenye chupa ya chai. Kabla ya kuliandikia hukumu ya kudumu, mwonjaji mwenye ndugu Muze au Kasanga ampelekee gramu 6 za majani hayo na kipimo cha mililita 300, amwombe aonje bila kuambiwa jina, na alama zote mbili zichapishwe na mwinuko wake pembeni.