Dakika Ina Nukta Ngapi

"Sitini huzaa dakika, moja hufunga sentensi. Herufi tano."

Chai ilipoa nikiwa nimeshika penseli. Sekunde ilikataa, ina herufi saba. Kisha nikawakumbuka wazee wanaohesabu nukta pale tunapohesabu sekunde, na kumbe nukta hiyohiyo ndiyo tunayoiweka mwisho wa kila sentensi. Aliyekitunga kidokezo hicho simjui, ila ni fundi.

Tazama alivyojificha. Kiswahili hakiweki siri. Andika "hiki kinabeba tendo", msomaji keshapata KI, na KITENZI kimekamatwa kabla hajafikiri. Andika "anahutubia umati", nayo M ya MLUMBI imevuja. Upatanisho wa kisarufi, uzuri wa lugha yetu, humsaliti mtunga chemshabongo kila anapofungua kinywa. Kimbilio lake ni hu-, kiambishi cha mazoea kisichobeba nafsi wala ngeli. Hufunga. Nani? Nini? Haijulikani, na hapo ndipo utamu ulipo.

Nakipenda pia hiki: "Hutoka kinywani, hugeuza piga kuwa pigwa." Jibu ni KAULI, ya msemaji na ya kitenzi kwa pamoja. Aliyekiandika alijua kwamba istilahi za sarufi, tulizozikariri shuleni kama dawa chungu, zilikuwa maneno ya watu kabla hazijawa za walimu.

Halafu kuna dhiki ya irabu. Maneno yetu karibu yote huishia kwa irabu, hivyo ukingo wa kulia hujaa A, I na O, na la kushuka pale huwa UA, OA au halipo. Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyechapisha fumbo lake katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lugha yake ilimpa konsonanti tele za kumalizia. Sisi tunazipata kwa waandishi. SHAABAN huishia kwa N, ROBERT kwa T. Mzee wa Vibambani aliyetuandikia Kusadikika humwokoa mtungaji hata kwa tahajia ya jina lake.

Nami nimeanza kutunga, katika daftari la hesabu la miraba. Nimefuta hadi karatasi ikatoboka. Kimoja tu kimesimama:

"Huchimbwa na mganga, huchambuliwa na mwalimu. Herufi tano."