Mistari Mitatu, Shamba Zima: Mzunguko wa for wa Godot Umefika Madogo

Jamani, mistari mitatu tu! Mitatu, na migomba 48 imesimama ukingoni mwa Mto Tana kwenye kioo cha tableti, safu sita zimenyooka sawasawa, hakuna shina lililopinda. Itazameni wenyewe:

for safu in range(6):
    for shina in range(8):
        panda_mgomba(shina * 64, safu * 64)

Hii ni GDScript, lugha ya Godot, injini ya kuundia michezo iliyoanzishwa na Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, na msimbo wake ukafunguliwa kwa wote mwaka 2014. Ni ya bure kabisa. Ina toleo la Android, na ukishaipakua unajenga mchezo wako bila bando.

Mchezo ninaoujenga ni wa huku kwetu Madogo: mkulima anataka ndizi zake zivuke daraja zifike sokoni Garissa, lakini giza likiingia viboko wanatoka mtoni kuzivamia. Sasa fikirieni kupanda kila mgomba kwa mkono, mmoja mmoja! Mzunguko wa nje unashika safu, wa ndani unatembea shina kwa shina mpaka manane yatimie, kisha safu inayofuata. Hiyo 64 ni nafasi kati ya mgomba na mgomba, kwa pikseli. Badilisha 6 iwe 60 na una migomba 480. Tarakimu moja tu imeongezwa!

Na utamu wenyewe ni huu: for, in na range ni maneno ya lugha, yaliyobaki yote ni yangu, kwa Kiswahili. Usiku wa viboko nimeuandika hivi:

for kiboko in viboko:
    kiboko.sogea()

Kila kiboko aliye kwenye orodha anapiga hatua, wawe watatu au mia. Unataka waliolala waachwe? Weka continue. Mkulima amewasha tochi na msako ukome papo hapo? Weka break. Saa ya kuhesabu kurudi nyuma kabla ya mapambazuko? range(10, 0, -1) inakupa kumi mpaka moja. Raha tupu!

Yapo ya kuangalia. Hesabu huanza sifuri, kwa hiyo range(8) inaishia 7; mgomba wa kwanza unakaa ukingoni kabisa mwa shamba. Mzunguko pia humaliza kazi yote ndani ya fremu moja, ndiyo maana migomba hutokea yote kwa mpigo. Ukitaka ichomoze mmoja baada ya mwingine, weka await na kipima muda ndani ya mzunguko, na hapo shamba linaota mbele ya macho yako. La muhimu zaidi: usimwondoe kiboko kwenye orodha huku mzunguko unaipitia mbele, maana atakayefuata atarukwa. Ipitie kutoka mwisho kuja mwanzo na hesabu itakaa sawa.

Ukiweza, unganisha kibodi ya nje. GDScript hutambua kilicho ndani ya mzunguko kwa nafasi iliyoachwa mwanzoni mwa mstari, na kwa vidole kiooni kazi hiyo inachosha.

Lakini hayo ni madogo mno mbele ya nguvu hii. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha usimbaji shuleni, na sioni somo la kwanza tamu kuliko hili: mtoto anaandika namba, anabonyeza kitufe cha kuchezesha, na jibu anaona limeota. Vijana wa Madogo, Bura, Hola mpaka Garsen, ipakueni leo. Mto tunao, viboko tunao, hadithi tunazo tele. Anzeni na range(6), kisha ongezeni namba mpaka shamba lijae kioo!