Kisomo cha Simu ya Kupangusa

Kitabu cha kiada hakiingii darasani hivi hivi. Katika miaka yangu ya ualimu tulizoea kukipokea kitabu kipya kwa jicho kali na kukiuliza maswali manne: lugha yake ni ya nani? Hatua zake zinapanda vipi? Mwanafunzi akikosea, kinampa nafasi gani ya kurudi? Na mwisho wake, kinamwacha mwanafunzi na nini mkononi ambacho hakuwa nacho? Maswali hayo tulifundishwa chuoni tulipokuwa tukisomea ualimu, nami sioni sababu ya kuyatupa kwa kuwa tu nimestaafu. Leo nataka kuyauliza juu ya kitu ambacho hakuna mkaguzi aliyekikagua kabla hakijaingia mikononi mwa wazee wetu, yaani simu ya kupangusa. Namfikiria hasa mzee anayetolewa kwenye simu ya zamani aliyoizoea na kuingizwa kwenye mpya, maana hapo ndipo uzuri na ubovu wa somo hujitokeza waziwazi.

Mwanafunzi ninayemtolea mfano ni mama yangu mzazi, mkulima wa Kwimba aliyekwisha kuvuka miaka 90. Wajukuu zake walimnunulia simu ya kupangusa mwaka 2015. Ilikuwa na mfumo wa Android toleo la 4.4, lililotoka mwaka 2013. Kwa hiyo hata siku ile ya kununuliwa haikuwa kijana. Mama aliizoea. Alijua kitufe cha katikati humrudisha mwanzo popote alipopotelea, na kwamba picha ya kijani ndiyo mlango wa kuzungumzia na watoto walio mbali. Akaitumia miaka tisa.

Mwaka 2024 tulilazimika kumbadilishia. Naomba msomaji aangalie vizuri sababu yenyewe, kwa kuwa simu haikuvunjika. Kioo kilikuwa na ufa mmoja tu, betri ilishika chaji nusu siku, na sauti ilisikika. Kilichotokea ni kwamba programu ya kutumiana ujumbe ilikuwa imeacha kufanya kazi kwenye mfumo wa toleo lile. Kwa lugha ya shambani, jembe halikuvunjika mpini. Shamba ndilo lililolikataa jembe. Mambo ya namna hii si mageni duniani. Tarehe 4 Januari 2022 kampuni ya BlackBerry ilizima huduma zilizokuwa zikiendesha simu zake za zamani, na watu waliokuwa na simu nzima mfukoni wakaamka na simu zisizotegemewa. Simu hizi hazifi kwa uchakavu peke yake. Aghalabu huuawa kwa uamuzi wa watu walio mbali. Kwa hiyo tunapomwambia mzee kwamba simu yake imezeeka, hatusemi kweli yote. Tena yeye husikia zaidi ya tulichosema, kwa sababu neno lile lile la kuzeeka ndilo tunalomtumia yeye.

Ili nisiihukumu simu kwa kuilinganisha na ndoto, nitailinganisha na kitabu halisi ambacho mama huyu huyu alikisoma. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Kwetu kanda ya ziwa kazi ilikuwa imekwisha kuanza, kwani mradi wa majaribio wa kisomo, uliosaidiwa na UNESCO na kuwa na makao yake Mwanza, ulianza mwaka 1968. Mradi ule uliandaa vitabu vya kufuata kazi za watu: wa migomba walisoma habari za migomba, wavuvi habari za uvuvi, nasi wa pamba tukapata pamba. Mimi nilikuwa nikijifunza ualimu wakati mama, mtu mzima mwenye watoto, alikuwa chini ya mwembe akijifunza kusoma.

Kitabu kile kilikuwa chembamba na picha zake hazikupendeza sana. Lakini kilianzia pale mama alipokuwa amesimama. Neno la kwanza lilikuwa jina la kitu alichokipanda kwa mkono wake, na silabi zilizofuata zilichimbuliwa kutoka katika neno hilo. Jana ilimbeba leo. Tena faida yake haikusubiri ukubwani. Siku ya kupeleka pamba kwenye chama cha ushirika, aliyejua tarakimu aliutazama mshale wa mizani mwenyewe, akaisoma stakabadhi mwenyewe, na karani akajua kuwa anatazamwa. Hiyo ndiyo maana ya kisomo niliyoibeba maisha yangu yote: kumwezesha mtu mzima asihitaji kuazima macho ya mwingine katika mambo yanayohusu mali yake na siri zake.

Sasa tuipime simu kwa kipimo hicho. Tuanze na lugha. Kuna sifa inayostahili kutolewa: simu mpya inazungumza Kiswahili, na sehemu kubwa ni Kiswahili safi. Neno “ghairi” lilimfurahisha mama, kwa kuwa ni neno la watu wazima, la mtu aliyebadili nia bila kuona haya. “Mipangilio” nalo linaeleweka. Lakini pale penye orodha ya watu unaowapigia, simu yake imeandika “Anwani”. Kwa mtu aliyejifunza kusoma enzi za barua, anwani ni sanduku la posta. Mama alidhani simu inataka kujua anapopokelea barua zake. Neno si baya, ila limepewa kazi ya neno jingine, na msomaji mpya ndiye anayelipa gharama ya mgawanyo huo. Kisha programu inamwuliza kama anairuhusu izifikie anwani hizo, na chini yake pana majibu mawili tu, kuruhusu na kutoruhusu, bila maelezo ya kutosha ya nini kitatokea akichagua hili au lile. Mwalimu anayeuliza swali ambalo mwanafunzi hana njia ya kulijibu hajauliza; ametega.

Kuhusu hatua, hapa simu inaanguka vibaya zaidi. Kanuni yetu ya kwanza chuoni ilikuwa kutoka kwenye linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Simu mpya inaanza kwa kukiondoa kile kinachojulikana. Tangu toleo la 10 la mwaka 2019, Android imeleta utaratibu wa kuiamrisha simu kwa kupangusa kutoka kwenye kingo za kioo badala ya kubonyeza vitufe. Kitufe cha katikati, ambacho kwa mama kilikuwa nguzo ya nyumba, hakikuonekana tena. Vitufe hivyo vinaweza kurudishwa kupitia Mipangilio, na tulivirudisha. Lakini ni sawa na kitabu kinachoficha sura ya kwanza kwenye kurasa za mwisho.

Halafu kuna vidole. Kioo cha simu hutambua mguso kwa umeme mdogo unaopita kwenye ngozi yenye unyevu. Kidole kilichoshika jembe miaka 70 ni kikavu na kigumu, na kioo mara nyingine hakikioni. Mzee asipoonwa huongeza nguvu na kukandamiza. Simu nayo huchukulia kukandamiza kuwa amri nyingine, na picha za programu huanza kuhama au kuuliza kama zifutwe. Vidole hivyo hivyo viliwahi kutusumbua tulipokwenda kwa wakala kubadilisha laini, kwa sababu ya zamani ilikuwa kubwa kuliko tundu la simu mpya, na sharti mwenyewe atambuliwe kwa alama za vidole. Jembe lilikuwa limezila alama hizo. Alijaribiwa kidole kimoja kimoja hadi kimoja kikakubali.

Juu ya nafasi ya kukosea, mfano mzuri uko ndani ya simu zote, hata kile kitochi cha bei ndogo. Huduma za kutuma pesa, ambazo hapa nchini zilianza na M-Pesa mwaka 2008, zina orodha ya namba: moja kwa hili, mbili kwa lile. Orodha hiyo ni ya Kiswahili, haina picha wala rangi, na kwa kawaida jina la mpokeaji hujitokeza kabla pesa hazijaondoka. Kwa mtazamo wangu hicho ni kitabu bora kuliko vyote vilivyomo kwenye simu, na kinakifanana sana kitabu cha pamba. Kasoro yake ni haraka: msomaji wa taratibu akichelewa, orodha hujifunga, naye huanza upya. Hata hivyo kuanza upya hakumdhuru. Kwenye kioo cha kupangusa, kidole kimoja kilichoteleza kinaweza kupiga simu Uarabuni.

Nimebakisha swali la nne: mwanafunzi anabaki na nini? Hapa niitendee simu haki. Kwa mama aliyeanza kupoteza nuru ya macho, herufi zinaweza kukuzwa hadi neno moja likajaza nusu ya mstari. Anaweza kumwona kitukuu aliyezaliwa mbali siku ile ile ya kuzaliwa. Na ujumbe wa sauti umemrudishia barua, yeye ambaye mkono wake hautulii tena kwenye kalamu. Kitabu cha pamba hakikuwa na uwezo huo.

Lakini ujumbe huo wa sauti ndio uliotuonyesha hatari kubwa ya kuhama. Ndani ya simu ya zamani mlikuwa na jumbe 38 za dada yangu, aliyefariki mwaka 2019. Kijana mmoja wa ukoo, kwa nia njema kabisa, alishauri Bibi aanze simu mpya ikiwa “safi”. Kwa kijana, usafi ni nafasi. Mama hakubishana. Aliiweka simu ya zamani mapajani, akaifunika kwa khanga, akasema, “Mwalimu, humu yumo dada yako.” Hapo shauri likaisha.

Sauti zile hazikuwa zimefungiwa na programu iliyogoma. Zilikuwa kwenye jalada lake, kila moja likiwa faili lenye jina la herufi na tarakimu, na ndani ya tarakimu hizo mna mwaka, mwezi na siku. Tulizinakili kwenye kadi ya kumbukumbu, tukaitia kadi kwenye simu mpya, na zikasikika. Lakini orodha ya tarakimu 38 haisomeki kwa bibi wa miaka 90. Basi tukakaa alasiri mbili: yeye anasikiliza, anasema jina, mimi naandika. “Mvua ya Kwimba.” “Ananikataza kwenda kisimani.” “Anacheka tu.” Majina yalikuwa yake, hakuna niliyemsaidia kulibuni. Alipomaliza alikuwa na yaliyomo ya kitabu alichokitunga mwenyewe, naye anajua kukifungua.

Kutokana na hayo nafikia hukumu yangu, na sehemu yake kubwa inatuhusu sisi walimu wa nyumbani kuliko waliotengeneza simu. Tunapombadilishia mzazi simu tunajisifu kuwa tumemhamishia namba, picha na jumbe. Tunasahau kumhamishia mamlaka. Tunamnyang’anya simu mkononi ili “tumwonyeshe”, tunapangusa upesi mara tano, tunamrudishia na kumwuliza kama ameona. Hakuona kitu. Ubaya zaidi, namba yake ya siri ya pesa hujulikana na nusu ya ukoo, na nyumba nyingi hulihesabu jambo hilo kuwa ndiyo huduma kwa wazee. Mwanamke aliyejifunza kusoma mshale wa mizani ili karani asimpunje, leo salio lake anasomewa na mwingine na namba yake ya siri inabonyezwa na mwingine. Huko si kumwendeleza. Ni kumrudisha mwaka 1967.

Mama tulimfundisha namba mpya ya siri kwa njia ya kisomo. Aliichagua peke yake, akaibonyeza mwenyewe, na sisi tuliokuwapo tuligeuka kutazama mlima. Ilimchukua siku nne kuibonyeza bila kosa. Siku nne si nyingi. Darasa la chini ya mwembe lilichukua miezi, na hakuna aliyelalamika kwamba watu wazima ni wazito.

Kwa msomaji mwenye mzazi wa kuhamishwa, ushauri wangu ni wa darasani. Usiichukue simu ya zamani siku unayoleta mpya. Ziache zote mbili mezani mwezi mzima, moja ikiwa kitabu alichokwisha kukisoma na nyingine kitabu anachokianza, ili kila akikwama arudi kwenye kile anachokijua. Rudisha vitufe, kuza herufi, ongeza muda wa kioo kusubiri kidole. Fundisha jambo moja kwa siku. Na mkono unaogusa kioo, tangu siku ya kwanza, uwe wake.