Ufundi wa Kuitana na Ndege

Kurina asali ya porini huanza na kutafuta, na kutafuta ndiko kunakokula siku. Nyuki hujificha vizuri. Kundi zima huingia kwenye ufa mwembamba wa mti, juu kabisa penye tawi lililovunjika, na mtu aliye chini haoni ila vinukta vichache vinavyoingia na kutoka, tena jua likiwa upande unaofaa. Mrina asali aliyeiva hujua kufuata nyuki wanaotoka kunywa maji, hutega sikio kwenye shina, huchungulia magome na mapango ya mawe. Hata hivyo anaweza kushinda porini akarudi mikono mitupu. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za Afrika kazi hii ina mshirika wa pili: ndege wa kiasi cha gramu 50 anayejua nyuki walipo lakini hawezi kuwatoa. Mtu ana shoka na moto, ndege ana habari. Ndege huyo hafugwi, hafungwi kamba wala hafunzwi na mtu yeyote, lakini wawili hawa huitana, huitikiana na kwenda pamoja hadi kwenye mti wenyewe. Katika yote ambayo elimu ya tabia za wanyama imethibitisha kwa miaka 40 iliyopita, ni machache yanayolingana na hili kwa uzuri.

Jina lake la kitaalamu ni Indicator indicator, na kwa Kiswahili huitwa kiongozi-asali au, kwa urahisi, ndege wa asali. Anapatikana karibu kote kusini mwa Sahara, isipokuwa kwenye misitu mizito na majangwa. Kwa sura hana la kumfanya mtu ageuke: mgongo wa kijivu na hudhurungi, dume ana koo jeusi na mashavu meupe, na anaporuka manyoya meupe ya pembeni mwa mkia hujitokeza waziwazi. Ajabu yake iko tumboni. Ndege huyu hula nta, chakula ambacho wanyama wengi hawawezi kukimeng'enya hata kidogo, pamoja na mayai na mabuu ya nyuki. Ana ngozi nene, lakini haimtoshi kumkinga na kundi lililokasirika, na wapo waliookotwa wamekufa kwa kuumwa chini ya miti yenye nyuki. Anahitaji mtu wa kuwatuliza nyuki na kulipasua shina.

Namna anavyoongoza inastahili kutazamwa kwa makini. Anamjia mtu, anatua kwenye tawi la karibu na kutoa mlio wa haraka unaofanana na kiberiti kinachotikiswa. Mtu akisogea, ndege huruka kuelekea upande fulani, mkia ukiwa umetandazwa ili ule weupe uonekane, kisha hutoweka kwa muda. Hurudi, hutua, huita tena. Hivyo ndivyo wanavyokwenda, mti hadi mti, mamia ya mita na wakati mwingine zaidi ya kilomita moja. Wakifika, mlio hubadilika: unakuwa wa taratibu, wenye mapumziko marefu kati ya sauti na sauti, kisha ndege hunyamaza na kutulia jirani. Sasa ni zamu ya mtu kuinua macho na kutafuta tundu.

Upande wa mtu nao una adabu zake. Anayefuata kimya humpoteza kiongozi wake. Njia nzima lazima aongee, apige mluzi, agonge magogo, ili ndege ajue kwamba bado yuko naye. Waborana wa kaskazini mwa Kenya wana mluzi mkali wa kumwita ndege kabla hata hajaonekana. Huupuliza kwa viganja vilivyofumbatwa, kwa gamba la konokono au kwa kokwa la mkoma lililotobolewa, na husikika zaidi ya kilomita moja. Wayao wa kaskazini mwa Msumbiji hutetemesha ulimi kwa nguvu na kumalizia kwa mguno mfupi, kitu kama “brrr-hm”. Wahadza wanaoishi karibu na Ziwa Eyasi nchini Tanzania hupiga mluzi wenye kupanda na kushuka kama wimbo. Baada ya hapo ndipo huja kazi ya mikono. Wayao hufunga kuni kavu ndani ya majani mabichi, huutia moto mzigo huo na kuuinua kwa mti mrefu hadi mdomoni mwa tundu, nyuki wapoe kwa moshi kabla shoka halijafanya kazi. Wahadza huukwea mbuyu kwa kupigilia vigingi vilivyochongwa kwenye shina, kimoja juu ya kingine, na kila kigingi ndicho ngazi ya kupigilia kinachofuata.

Habari za ndege huyu ziliandikwa zamani. Mwaka 1588 padri Mreno João dos Santos, aliyekuwa Sofala, bandari ya kale ya Waswahili katika Msumbiji ya leo, aliona ndege wadogo wakiingia kanisani na kudonoa nta ya mishumaa. Katika kitabu chake Ethiopia Oriental, kilichochapishwa mwaka 1609, alieleza pia jinsi ndege hao wanavyowaongoza watu hadi penye asali. Lakini kusimuliwa ni jambo moja na kupimwa ni jingine. Kwa karne nyingi wasomaji wa mbali waliweza kuichukua habari hii kama hadithi tamu ya wasafiri, na hata katika karne ya 20 walikuwepo wanasayansi waliosita kuamini kwamba ndege anampa mtu taarifa za kweli.

Aliyeondoa shaka hiyo ni Hussein Isack, mtafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, mwenyewe Mborana, akishirikiana na Heinz-Ulrich Reyer wa Chuo Kikuu cha Zurich. Matokeo yao yalitoka katika jarida la Science mwaka 1989. Njia yao ilikuwa nyepesi kueleza na nzito kutekeleza. Warina asali wa Kiborana walikuwa wakidai kwamba ndege huwaambia mambo matatu: upande wa kwenda, umbali uliobaki na wakati wa kufika. Isack na Reyer waliyachukua madai hayo moja moja, wakayapima. Walichora njia za ndege kwenye ramani na kukuta kwamba kweli zinaelekea kwenye nyuki. Walipima muda ambao ndege hutoweka baada ya kumwita mtu kwa mara ya kwanza, wakaona unakuwa mfupi kadiri nyuki wanavyokuwa karibu. Walipima urefu wa matawi anayotua, wakaona anashuka chini zaidi kila safari inapokaribia kuisha. Katika maeneo wasiyoyazoea, warina asali waliotafuta peke yao walihitaji kwa wastani saa 8.9 kukipata kiota kimoja cha nyuki, na walioongozwa na ndege walihitaji saa 3.2. Asilimia 96 ya viota hivyo ndege asingeweza kuvifikia bila mtu kuvifungua kwa zana au moto.

Thamani ya utafiti huo haiko kwenye tarakimu peke yake. Iko katika heshima iliyotangulia tarakimu: maneno ya warina asali yalichukuliwa kama maarifa yanayoweza kuthibitika au kukanushwa, hayakuwekwa kando kama imani za wenyeji. Mtu aliyelelewa ndani ya ufundi ndiye aliyejua swali la kuuliza.

Swali lililofuata lilikuwa juu ya wito. Je, ndege anauelewa, au anavutwa tu na kelele za watu? Mtafiti Claire Spottiswoode, pamoja na Keith Begg na Colleen Begg, walilijibu katika Hifadhi ya Niassa, Msumbiji, na kuchapisha jibu lao mwaka 2016. Walitembea porini pamoja na warina asali, safari kwa safari, huku kipaza sauti kikitoa sauti moja kati ya tatu: “brrr-hm” ya Wayao, maneno ya kawaida ya binadamu, au sauti ya tetere. Sauti hizo mbili za mwisho ndizo roho ya jaribio. Bila maneno ya kawaida isingejulikana kama ndege anaitikia wito au anaitikia dalili yoyote kwamba mtu yupo, na bila tetere isingejulikana kama sauti yoyote ile ingetosha. Wito wa Wayao uliongeza uwezekano wa kuongozwa kutoka asilimia 33 hadi 66, na uwezekano wa kuongozwa na kupata nyuki kutoka asilimia 16 hadi 54. Kwa ndege huyu, basi, sauti ile ina maana maalumu: mtu huyu ametoka kwa ajili ya asali, na kumfuata kuna faida.

Hapo fumbo linazidi, kwa sababu ndege huyu hakulelewa na wazazi wake. Mama hutaga yai katika tundu la ndege wa jamii nyingine, kama vile keremkerem, na kuondoka. Kamera zilizowekwa na Spottiswoode na mwenzake Jeroen Koorevaar kwenye viota vya keremkerem nchini Zambia zilionyesha, katika utafiti wa mwaka 2012, kinda wa kiongozi-asali akiwaua vifaranga wa mwenye kiota gizani, kwa ncha kali zilizopinda za mdomo wake, akiwa bado hajafumbua macho. Kiumbe aliyeanza maisha kwa ukatili huo, na ambaye hakuwahi kumwona mama yake akimwongoza mtu, ndiye anayekuja kuwa mshirika wa mrina asali. Hamu ya kuongoza yaelekea anazaliwa nayo. Je, na wito?

Jibu lilipatikana mwaka 2023, Spottiswoode aliposhirikiana na Brian Wood, mwanaanthropolojia aliyefanya kazi miaka mingi na Wahadza. Waliwachezea ndege wa pande zote mbili milio ya Wahadza na ya Wayao, katika vilima vya Kidero nchini Tanzania na kule Niassa, karibu kilomita 1,000 kutoka hapo. Ndege wa Kidero waliitikia mluzi wa Wahadza kwa zaidi ya mara tatu kuliko wito wa kigeni wa Wayao. Ndege wa Niassa waliitikia wito wa Wayao kwa karibu mara mbili kuliko mluzi wa Wahadza. Kwa hiyo ndege hujifunza, kila mmoja mahali pake, lugha ya warina asali wa pale. Nao watu wana sababu ya kuushika wito wa baba zao bila kuubadili, maana mwenye kuja na mlio mpya hupunguza bahati yake. Mapokeo ya watu na mazoea ya ndege yanashikiliana, na kila upande unaufanya ufundi wa upande wa pili uwe na faida.

Malipo nayo hutofautiana. Wayao huyakusanya masega yaliyobaki na kuyatandika juu ya majani mabichi, ndege ayaone. Wahadza mara nyingi huyazika, huyachoma au huyaficha, ili ndege abaki na njaa na kuwatafutia mti mwingine. Anayesikia hili kwa mara ya kwanza huliona kama dhuluma, na pengine ni haraka mno kuhukumu: utafiti wa Wood wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba ndege huwaongezea Wahadza kasi ya kupata nyuki kwa asilimia 560, na kwamba kati ya asilimia 8 na 10 ya chakula chao cha mwaka hupatikana kwa msaada wake. Ushirikiano huo umedumu pamoja na ubahili wote.

Kinachouvunja ni jambo jingine. Pale sukari ya dukani ilipochukua nafasi ya asali ya porini, na pale mizinga ya kufuga ilipoondoa haja ya kutafuta, wito hausikiki tena, na ndege wasioitwa wala kufuatwa huacha kuwatafuta watu. Kupotea huko ni kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu Niassa, hifadhi ya takriban kilomita za mraba 42,000 ambamo vijiji vya Wayao viko ndani ya mipaka na urinaji unaendelea, ina uzito mkubwa kwa watafiti.

Limebaki suala la nyegere. Vitabu vingi vimeandika kwamba ndege huyu humwongoza nyegere pia, na wanasayansi wengi wamelipinga hilo. Watafiti kutoka nchi tisa za Afrika waliamua kuwauliza wenye kazi, wakahoji karibu warina asali 400, na matokeo yakatoka mwaka 2023. Asilimia 80 hivi walilitilia shaka. Lakini katika jamii tatu za Tanzania wengi walisema wameshuhudia, na kwa Wahadza waliosema hivyo walifika asilimia 61. Wood anaitafsiri tofauti hiyo kwa namna Wahadza wanavyowinda: hutembea kimya kwa upinde na mshale, kwa hiyo wanaweza kumkuta nyegere na ndege wakiwa pamoja bila kuwashtua, na hata wao wamekutana na jambo hilo mara chache tu.