Kizimba, Gamba na Ramani: Maneno Katika Ujenzi wa Nadharia za Uendeshaji

Elimu ya uendeshaji wa mashirika si fani yangu, wala sikusudii kuwafundisha wenye fani hiyo kazi yao. Lakini ubishi wao juu ya jinsi nadharia inavyojengwa umefika mahali ambapo mwanafunzi wa lugha hawezi kunyamaza, kwa kuwa sehemu kubwa ya mambo wanayobishania ni mambo ya maneno, na wao wenyewe aghalabu hawakuyatambua kuwa ni ya maneno. Tena ubishi huo unatuhusu sisi tuandikao kwa Kiswahili, kwani nadharia hizo zimekwisha kuingia katika vyuo vyetu, na kila mwalimu anayezieleza kwa lugha yetu analazimika kuchagua maneno, apende asipende.

Msomaji asiyeufahamu ubishi huo na aanzie mwaka 1995. Katika mwaka huo jarida la Administrative Science Quarterly lilichapisha makala ya Robert Sutton na Barry Staw, ambayo hoja yake yote ni kueleza nini si nadharia. Walitaja vitu vitano: orodha ya waandishi waliotangulia, takwimu, orodha ya dhana au vigeugeu, michoro yenye visanduku na mishale, na dai linalotabiri matokeo fulani. Kila kimojawapo, walisema, huwekwa na waandishi mahali pa nadharia, na hakuna hata kimoja kinachojibu swali la kwa nini. Karl Weick aliwajibu katika toleo lilo hilo. Hakukana kwamba vitu hivyo vitano si nadharia. Alisema kwamba huenda vikawa ni alama za safari, kwa kuwa nadharia iliyokamilika ni nadra kuonekana, na kilicho muhimu ni kule kuijenga. Naye Paul DiMaggio akaongeza jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote: kwamba nadharia haimaliziki mkononi mwa mwandishi, bali wasomaji nao huijenga kwa namna wanavyoipokea, tena mara nyingi baada ya kwisha kuandikwa.

Orodha ya Sutton na Staw ni nzuri, na mtu yeyote aliyepata kusahihisha tasnifu ataipigia makofi. Upungufu wake ni mmoja. Hawakuitaja istiari. Mtu akipanga visanduku na mishale, kila msomaji huona kwamba amechora. Lakini mtu akiliita shirika mashine, au kiumbe, au gereza, picha hiyo huingia kimyakimya na kuanza kufanya kazi ya hoja. Gareth Morgan aliandika kitabu kizima juu ya picha hizo katika mwaka 1986, na kitabu hicho kinasomwa sana hata leo. Lakini Morgan amezitazama picha kama miwani ambayo mtu huivaa na kuivua apendapo. Mimi nadhani miwani mingine haivuliki kwa urahisi hivyo, na mfano wangu ni kizimba cha chuma.

Max Weber alichapisha insha zake juu ya maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari katika miaka ya 1904 na 1905. Karibu na mwisho wake anamkumbuka mhubiri Baxter, aliyesema kwamba mali za dunia zingepasa kukaa mabegani mwa mtu mcha Mungu kama joho jepesi, ambalo aweza kulitupa wakati wowote. Ndipo Weber anapogeuza picha: joho lile, asema, limekuwa stahlhartes Gehäuse. Neno Gehäuse katika Kijerumani hutumika kwa kombe la konokono, na hutumika pia kwa kasha la saa. Ni kifuniko kigumu kinachokizunguka kitu laini au chenye kuhitaji kuhifadhiwa. Hicho kifuniko, kwa maneno ya Weber, ni kigumu kama chuma cha pua. Basi mtiririko wa mawazo uko wazi: kilichokuwa nguo kimekuwa ngozi. Mtu hakutiwa ndani ya kitu. Kitu kimemwotea mwilini.

Mwaka 1930 Talcott Parsons aliifasiri insha hiyo kwa Kiingereza, na mahali pale akaandika “iron cage”, yaani kizimba cha chuma. Tafsiri hiyo ilipendwa mno, hata wengi wakadhani kwamba ndiyo maneno ya Weber. Wako wanaodhani kwamba Parsons aliipata picha yake kwa John Bunyan, katika kitabu chake cha mwaka 1678 juu ya safari ya msafiri, ambamo mtu aliyekata tamaa anaonekana amefungwa ndani ya kizimba cha chuma. Ikiwa ni kweli, basi msomaji na atabasamu kidogo, kwa kuwa kizimba hicho cha Bunyan kimo ndani ya nyumba ya Mfasiri.

Peter Baehr aliichambua tofauti hiyo kwa urefu katika mwaka 2001, na mwaka uliofuata yeye na mwenzake Gordon Wells wakatoa tafsiri mpya inayosema gamba gumu kama chuma cha pua. Baehr ameonyesha mambo mawili ambayo nayakubali. La kwanza, chuma cha pua ni kazi ya mikono ya watu, ni zao la viwanda vile vile ambavyo Weber alikuwa akivizungumza, hali chuma cha kawaida ni kitu cha asili kinachochimbwa ardhini. La pili, kizimba hufungwa na mtu mwingine na mfungwa hubaki alivyokuwa, lakini gamba hubadili kiumbe mwenyewe: kobe hawezi kuachana na gamba lake akabaki kobe.

Jaribio rahisi ni kuyatafsiri maneno hayo kwa Kiswahili. Mwenye kufuata Parsons ataandika kizimba, na msomaji wetu ataona kuku, au mshitakiwa aliyesimama mahakamani. Mwenye kumfuata Weber ataandika gamba, na hapo nako kuna mtego, kwa kuwa gamba la kobe halivuliwi lakini la nyoka huvuliwa. Wote tunakumbuka jinsi katika mwaka 2011 Chama Cha Mapinduzi kilivyotangaza kwamba kinajivua gamba. Msemo ule ulieleweka mara moja kila mahali, nao ulikuwa wa matumaini. Gamba la Weber halina matumaini hayo hata kidogo. Mfasiri atakayeandika gamba pasipo kumtaja kobe atakuwa amempa Weber furaha ambayo hakuwa nayo.

Je, haya yana uzito gani kwa nadharia? Katika mwaka 1983 DiMaggio na Walter Powell walitoa katika American Sociological Review makala ambayo jina lake linakirudia kizimba cha chuma. Hoja yao ni maarufu. Mashirika yaliyo katika uwanja mmoja, hospitali na hospitali, chuo na chuo, huelekea kufanana; na sababu ya kufanana huko, walisema, si tena ushindani wa soko alioutaja Weber, bali ni dola na taaluma. Mashirika hufanana bila ya kuwa yamekuwa bora zaidi. Walitaja njia tatu: shuruti, yaani sheria na nguvu ya wale wanaotegemewa, uigaji, pale ambapo mambo hayana uhakika na shirika likaamua kufuata mwenziwe anayeonekana amefaulu, na kanuni za taaluma, ambazo watu huzipata shuleni na katika vyama vyao vya kazi.

Sasa tuziangalie njia hizo tatu kwa jicho la picha. Shuruti inakaa vizuri ndani ya kizimba: kuna fito, na kuna aliyezisimamisha. Kanuni za taaluma hazikai humo hata kidogo. Mhasibu aliyefunzwa miaka mitatu namna moja ya kuhesabu haoni fito zozote. Anaona kwamba hivyo ndivyo hesabu ilivyo. Huyo ana gamba. Kwa hiyo makala ile, iliyokopa jina lake kwa Parsons, ina ndani yake njia moja inayomrudia Weber wa Kijerumani, na jina la makala linaificha.

Hapa napaswa kuwa mwaminifu, kwa kuwa ushahidi hauniungi mkono kote. Kama picha ingekuwa ndiyo inayotawala wasomaji, waliofuata wangelishika neno shuruti. Sivyo ilivyokuwa. Katika mwaka 1999 Mark Mizruchi na Lisa Fein walizichunguza makala zilizotumia kazi ile, wakakuta kwamba watafiti wa Marekani ya Kaskazini walipenda mno kupima uigaji, na kwamba mara nyingi ushahidi ulioitwa wa uigaji ungeweza kufasiriwa vile vile kuwa ni wa shuruti. Basi picha peke yake haitoshi kueleza mambo. Mazoea ya wasomaji yana nguvu kuishinda, kama DiMaggio alivyokuwa amekwisha kusema. Lakini angalia ni njia ipi iliyobaki nyuma kabisa. Ni ile ya kanuni za taaluma, ile isiyokuwa na nafasi katika kizimba. Sidai kwamba jina ndilo lililoisukuma nyuma; nasema kwamba jina halikuisaidia.

Kwa upande mwingine, tafsiri za Weber zina mfano ambao Kiswahili kinaweza kujivunia. Herrschaft, neno kuu katika maandishi yake juu ya ofisi na mamlaka, Parsons na Henderson walilifanya katika mwaka 1947 kuwa uratibu wa kuamrisha, maneno laini yanayonukia ofisi iliyofagiliwa vizuri. Tafsiri ya Roth na Wittich ya mwaka 1968 ililirudishia ukali wake. Neno letu utawala hubeba yote mawili pamoja: afisa utawala anayegawa karatasi, na utawala wa mkoloni. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kukumbushwa kwamba faili ni chombo cha enzi.

Nigeukie ramani. Hadithi yenyewe ni kwamba kikosi kidogo cha askari wa Hungaria kilipotea kwa theluji katika milima ya Alps, kikarudi salama siku ya tatu kwa kuwa mmoja wao aliikuta ramani mfukoni. Na ilipotazamwa vizuri, ramani ile ilikuwa ya milima ya Pyrenees. Weick aliitumia mara nyingi, na imo katika kitabu chake cha mwaka 1995, kwa kuonyesha kwamba mpango wowote wafaa, hata ulio na makosa, mradi uwatoe watu katika kuduwaa. Katika mwaka 2006 Thomas Basbøll na Henrik Graham walionyesha kwamba maneno ya hadithi hiyo yalikuwa karibu sawasawa na shairi la Miroslav Holub wa Chekoslovakia, lililotokea kwa Kiingereza katika gazeti la Times Literary Supplement la Februari 1977, na kwamba katika baadhi ya maandishi mtungaji hakutajwa.

Wengi walishughulika na swali la haki ya mtungaji, nalo ni swali la haki. Mimi lanishughulisha jingine. Shairi likiondolewa mistari yake na kuandikwa kwa nathari, msomaji hulipokea kuwa ni habari ya tukio. Umbo la lugha lilikuwa ndilo alama pekee ya kutuonya kwamba tunasimuliwa, na alama hiyo ilipofutwa, ngano ikawa ushahidi. Wazee wa pwani waliotuhifadhia tenzi wasingekosea hapo. Walijua vema kwamba utenzi wa vita una haki zake na taarifa ya vita ina zake.

Nisiseme kwamba sisi tumesalimika. Chuo cha Uongozi wa Maendeleo kilipoanzishwa Mzumbe mwaka 1972, neno uongozi lilichaguliwa kwa kazi ambayo wengine leo huiita usimamizi, au uendeshaji, au menejimenti. Uchaguzi huo haukuwa mdogo. Mwaka mmoja kabla yake TANU ilikuwa imetoa Mwongozo, ambao ibara yake ya 15 inawakataza viongozi kiburi, ubadhirifu na uonevu. Wafanyakazi wa viwandani waliisoma ibara ile kuwa inamhusu meneja wao, na katika migomo ya miaka iliyofuata, hadi 1973, waliitaja waziwazi dhidi yake. Walikuwa na haki ya kuisoma hivyo: kama kuendesha kiwanda ni uongozi, basi mwendeshaji ni kiongozi, na amri iliyowekwa juu ya viongozi imemfika. Lau neno lililozoeleka lingekuwa menejimenti, njia hiyo ya hoja ingekuwa ndefu zaidi. Nashangaa kwamba watafiti wetu wa mashirika, walio hodari wa kupima uigaji, hawajaligeuza jambo hili kuwa nadharia yao wenyewe juu ya jinsi jina la kazi linavyompa mdogo silaha juu ya mkubwa.

Lakini wafanyeje, ikiwa tumewapa vyombo vibovu? Sutton na Staw walisema wazi kwamba dai linalotabiri matokeo si nadharia, kwa sababu linasema nini kitatokea bila ya kusema kwa nini. Sisi dai hilo tumeliita nadharia tete. Yaani tumesema, katika jina lenyewe, kwamba ni nadharia changa, na kwamba ikikomaa itakuwa nadharia. Haitakuwa. Dai lililothibitishwa mara mia hubaki dai lililothibitishwa. Nimesoma tasnifu ambamo sura ya nadharia ina nadharia tete nne zilizopangwa kwa tarakimu na hakuna kingine, na mwanafunzi alipoulizwa iko wapi nadharia alinyoosha kidole kwenye hizo nne, akashangaa kuulizwa. Kwa lugha aliyofundishwa, jibu lake lilikuwa sahihi. Waliolitunga neno hilo walikuwa na nia njema, na limekwisha kuota mizizi. Hata hivyo ningependa kamati za istilahi zilifikirie upya, na kwa sasa mimi mwenyewe huandika dai la kupimwa, maneno matatu yasiyopendeza sikioni, ambayo angalau hayamwambii mwanafunzi kwamba amekwisha kuwa na kitu ambacho bado hajakijenga.