Maana za Kale katika Kamusi: Zimekufa Wapi?

Katika Kiingereza cha kale, neno ambalo leo huandikwa knight lilikuwa na maana ya mvulana, tena mtumishi. Baadaye likamtaja askari mpanda farasi, na hatimaye mtu aliyetunukiwa cheo cha heshima. Ndugu yake wa Kijerumani, Knecht, alibaki kwenye utumishi. Atakaye kuijua safari hiyo huifungua kamusi kubwa ya Oxford, iliyotoka sehemu kwa sehemu kati ya mwaka 1884 na 1928, akakuta kila maana ina mfano wa maandishi pamoja na mwaka wake.

Je, msomaji wa Kiswahili huambiwa nini? Tuitazame Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, kisha ikatolewa upya mwaka 2004 na 2013. Haikukusudiwa kuwa kamusi ya kihistoria, na si haki kuilaumu kwa ahadi isiyoitoa. Kasoro iko kwingine: maana huorodheshwa kwa nambari bila kuonyeshwa ipi ilizaa ipi, wala ni wapi inasemwa hadi leo. Matokeo yake, mwalimu aliye mbali na pwani huishika maana aliyoizoea vitabuni, na ile ya wanafunzi wake huiita kosa.

Nami nimefanya hivyo. Mwanafunzi aliandika kwamba wageni walikaa kwenye barza. Nikalipiga neno hilo mstari mwekundu, kwa kuwa kwangu baraza lilikuwa mkutano wa wakubwa. Kumbe huku Kama, sawa na Kindu na Bukavu, barza ni ukumbi wa mbele ya nyumba, na hata Kifaransa cha Kongo kimelipokea kwa maana hiyo. Edward Steere, mwaka 1870, alilieleza kuwa benchi la mawe ambapo mwenye nyumba huketi na kupokea rafiki zake. Ndipo akaongeza kwamba kutokana na hilo yalipatikana mapokezi ya sultani na shauri lake. Njia nzima imo katika maelezo mafupi mno! Mwanafunzi wangu alikuwa karibu na asili kuliko mimi.

Posho nayo imetawanyika: chakula cha siku cha wapagazi wa misafara, kisha mgao wa wafanyakazi wa migodi ya Katanga, unga wa mahindi huko Kenya, fedha za vikao huko Tanzania.

Lakini neno linalotuhusu zaidi sisi wa Maniema ni muungwana. Kamusi hutupeleka kwa mtu huru asiye mtumwa, na kwa mtu mwenye adabu njema. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1878, aliwaita Wangwana wapagazi wake waliotoka Unguja. Katika Nyangwe na Kasongo, zama za Tippu Tip, jina hilo liliwaenea waliofuata misafara, wakavaa kanzu, wakasilimu, wakasema Kiswahili. Na wengi wao waliingia katika misafara hiyo wakiwa mateka. Yaani neno lililomaanisha asiye mtumwa lilitwaliwa na watu ambao uhuru wao ndio hasa uliokuwa na mashaka. Sidhani kama walikosea maana. Waliijua vizuri, na ndiyo sababu walilitaka. Kutoka kwao lugha yetu ikaitwa Kingwana, jina ambalo mwanafunzi mwenye kamusi pekee atalifasiri kuwa lugha ya watu wenye adabu. Ni sifa nzuri, ila si historia.

Itasemwa kwamba ushahidi haupo. Upo: kamusi ya Krapf ya mwaka 1882, ile ya Sacleux ya mwaka 1939 inayotaja lahaja za maneno, na maisha ya Tippu Tip aliyoyasimulia mwenyewe kwa Kiswahili, yaliyochapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Kinachokosekana ni mtu wa kuyapanga kwa mwaka na kwa mahali, na wa kuja kusikiliza pia huku bara. Kazi hiyo ikianza, ningeomba ianzie kwenye muungwana. Barza inaweza kungoja, maana haijaondoka mbele ya nyumba zetu.