Juu ya maneno mawili ya wafundi wa shaba wa China

Kitabu cha Wachina kiitwacho Kaogongji, kilichoandikwa miaka mia kadhaa mbele ya kuzaliwa kwa Kristu, kinatoa kanuni sita za kuchanganya madini: kwa kengele na vyungu vya sadaka, kwa mashoka, kwa mikuki, kwa panga, kwa mishale na visu, na mwishoni kwa vioo. Madini yanayotajwa ni mawili tu, jin na xi. Kwa kengele, jin ni mafungu sita na xi fungu moja. Kwa kioo, nusu kwa nusu. Wafasiri wengi walisoma jin kuwa shaba nyekundu na xi kuwa bati, kwani hata leo xi ni bati.

Vitu vyenyewe vinawakatalia. Bronzi yenye nusu ya bati huvunjika kama kigae. Vioo vya zamani vilivyopimwa vina bati karibu robo tu. Tena vyombo vingi vina risasi, na kanuni hazitaji risasi hata mara moja.

Mwaka 2022 Ruiliang Liu na A. M. Pollard walitoa fikira mpya katika gazeti Antiquity. Walipima hesabu za feza za Wachina zenye umbo la kisu, wakasema: jin na xi si madini safi, bali ni michanganyiko iliyotayarishwa mbele, mmoja wa shaba, bati na risasi, mwingine wa shaba na risasi. Ninawasifu kwa ulizo lao: fundi alishika nini mkononi? Wafasiri walifungua kamusi tu. Sisi tunaosoma Maandiko tunajua hatari hiyo. Neno la Kiebrania nehoshet ni shaba nyekundu na bronzi pia, na “shaba” yetu vile vile.

Lakini jibu lao linabebwa na feza, na feza haimo katika kanuni sita. Mtu anayetengeneza feza huongeza risasi kwa sababu ni rahisi. Je, kioo? Ukitia nusu ya mchanganyiko wa shaba na risasi, hupati kamwe bati ya robo; unapata chuma laini chenye risasi nyingi, kisichong’aa vema. Kanuni ya sita, iliyowashinda wafasiri, inawashinda na wao.

Mimi naona sherti tuangalie hesabu zenyewe: sita, tano, nne, tatu. Zinashuka kama ngazi. Tanuru haina adabu ya namna hii. Kaogongji ilitiwa ndani ya Zhouli, kitabu cha kazi za wakubwa wa serikali, mahali pa sehemu iliyopotea. Huenda aliyeandika kanuni alikuwa karani, aliyesimama kando ya moto akiuliza, na fundi akamjibu kwa kifupi ili arudi kazini.